Uko upande wa nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Civil War, kwa wasomaji wa katuni wa Tabora

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa katuni za Marekani walioko Tabora mjini, Nzega, Urambo, Kaliua na popote pale ambapo ubishi wa Tony na Steve umewahi kuwatia watu kununiana. Tunamwaga ubuyu wote kuanzia jibu la kwanza. Kama hujasoma na unapenda kushtukizwa, ishia hapa, urudi ukimaliza.

Civil War ni kisa gani hasa?

Ni mfululizo wa kampuni ya Marvel wenye matoleo 7, uliotoka kati ya Mei 2006 na Februari 2007. Mwandishi ni Mark Millar, mchoraji ni Steve McNiven. Kundi la mashujaa vijana liitwalo New Warriors linavamia nyumba walimojificha wahalifu mjini Stamford, jimbo la Connecticut, huku kamera za kipindi chao cha televisheni zikirekodi. Mmoja wa wahalifu, Nitro, ambaye uwezo wake wenyewe ni kulipuka, analipuka karibu na shule. Wanakufa watu zaidi ya 600, kati yao watoto 60.

Wananchi wanawaka. Bunge linapitisha sheria kwamba kila mwenye nguvu zisizo za kawaida ajiandikishe serikalini kwa jina lake la kweli. Tony Stark, yaani Iron Man, anaikubali sheria. Steve Rogers, yaani Captain America, anaikataa na kuingia mafichoni. Tangazo la mauzo lilimuuliza msomaji swali moja tu: uko upande wa nani? Swali hilo ndilo lililoleta balaa, maana watu walilijibu kweli.

Mimi nimeona muvi ya 2016. Si ndiyo hiyo hiyo?

Hapana. Kwenye muvi hakuna Stamford. Kuna hati ya mataifa ya kuwaweka mashujaa chini ya usimamizi, na ugomvi unaishia kuwa wa Bucky, rafiki wa Steve, na vifo vya wazazi wa Tony. Kwenye kitabu suala ni jina na kinyago. Ndiyo maana aliyeiona muvi kwenye kibanda umiza, tena kwa sauti ya DJ anayetafsiri na kuongeza vyake, akikutana na aliyesoma kitabu hawaelewani hata kidogo: mmoja anamtetea Tony aliyefiwa na mama, mwenzake anamshambulia Tony aliyejenga gereza. Kabla ya kubishana, ulizaneni kwanza ni Tony yupi.

Kwa nini wasomaji wengi walimchukia Tony kiasi kile? Hoja yake si ilikuwa na akili?

Hoja ilikuwa na akili. Toleo la 1 linampa nafasi nzuri kabisa: yuko kwenye ibada ya waliokufa Stamford, mama mmoja aliyepoteza mtoto anamjia na kumtemea mate usoni, akimwambia fedha zake ndizo zinazowatia vijana kiburi cha kucheza na hatari. Tony hajibu. Ukifunga toleo hilo unamwelewa.

Kilichomwangusha ni matendo yaliyofuata, na ukiyasoma kwa mfululizo utaona jinsi alama zake zinavyoporomoka hatua kwa hatua. Toleo la 3, upande wake unatega mtego kwa taarifa ya uongo ya ajali kiwandani ili kuwanasa wenzao. Mwishoni mwa toleo hilo analetwa Thor wa bandia, nakala iliyotengenezwa na Tony na wanasayansi wenzake Reed Richards na Hank Pym, na kwenye toleo la 4 nakala hiyo inamuua Bill Foster, mmoja wa watu wa Steve, kwa radi mbele ya wote. Toleo la 5 linaonyesha mashujaa wakifungwa katika gereza lililojengwa kwenye ulimwengu mwingine, Negative Zone, huku wahalifu wa zamani wakilipwa kuwawinda mashujaa waliokataa.

Hapo msomaji haulizi tena kama sheria ni nzuri. Anauliza: huyu ni Tony gani? Tangu 1963 tumemjua mtu mwenye kiburi, mlevi aliyejitahidi kuacha pombe, mfanyabiashara wa silaha aliyejutia. Hatukuwahi kumjua bwana jela. Na hili ndilo jambo tunalolisimamia katika ukurasa huu wote: msomaji humsamehe mwandishi akimuua shujaa, akimfilisi, hata akimshindisha njaa. Asichosamehe ni shujaa kutenda kinyume cha tabia yake bila msomaji kuonyeshwa njia aliyopitia mpaka akafika pale.

Kuna na sababu ya kiufundi ambayo wengi hawaijui. Civil War haikuwa matoleo 7 tu. Makumi ya matoleo ya vitabu vingine yaliingizwa ndani ya kisa, kila kimoja na mwandishi wake. Tony wa Millar ni mtu aliyeelemewa. Tony wa J. Michael Straczynski, kwenye Amazing Spider-Man, anamtembeza Peter Parker, yaani Spider-Man, gerezani na kumweleza kwa ubaridi kwamba waliomo hawana siku ya kutoka. Hata sheria yenyewe haikuwa moja: kwenye kitabu hiki unajiandikisha tu na ukitaka unastaafu, kwenye kile ukijiandikisha unakuwa askari wa serikali upende usipende. Msomaji wa mwaka 2006 alisoma vyote ndani ya mwezi mmoja. Alichanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa huchukua toleo baya kuliko yote kuwa ndilo la kweli.

Basi Steve ndiye aliyekuwa sahihi?

Polepole. Toleo la 3, Tony anamnyooshea mkono wa amani, Steve anaupokea, na kumbe kiganjani ameficha kifaa cha kuzima deraya ya mwenzake. Mtu mzima anakubali kushikana mikono kwa hila! Mashabiki wa Kapteni huliruka tukio hilo wakisimulia. Ukisikia mtu analisimulia kisa na kulisahau hilo, jua amechagua upande kabla ya kufungua kitabu.

Ila Steve alipewa kitu ambacho Tony hakupewa: dakika ya kujitambua. Toleo la 7 lina fremu zinazostahili kusomwa taratibu. Steve yuko juu ya Tony, kofia ya chuma imepasuka, ngao iko hewani. Wanaomrukia kumzuia si mashujaa. Ni zimamoto, watu wa gari la wagonjwa na raia wa kawaida. Anawaambia wamwachie, hataki kuwaumiza. Wanamjibu kwa kumwonyesha mji. Anageuka, anatazama majengo yaliyobomoka na moshi, mdomo wazi. Peter anamwambia tulikuwa tunashinda. Steve anajibu kwamba ndiyo, kila kitu isipokuwa hoja. Anadondosha ngao, anavua kinyago, anatoa mikono afungwe pingu. Machi 2007, kwenye Captain America namba 25 ya Ed Brubaker, anapigwa risasi kwenye ngazi za mahakama.

Mtu aliyevua kinyago akakubali kosa, kisha akauawa akiwa amefungwa, utamchukia vipi? Kwa hiyo chuki yote ikabaki kwa yule aliyebaki hai na kupewa cheo cha kuongoza shirika la kijasusi la S.H.I.E.L.D.

Wazee wanasema mbona hii ni kama sungusungu tu. Ni kweli?

Ni kweli zaidi ya wanavyodhani, na kwa Tabora ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kuufungua mjadala.

Sungusungu walizuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa Wasukuma na Wanyamwezi, wakati wizi wa ng'ombe umezidi na silaha zimesambaa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wanakijiji walijipanga wenyewe kwa pinde na mishale, wakawa na viongozi wao, na mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kila mwanamume anatoka. Hawakusubiri polisi. Mwanzoni vyombo vya dola viliwaangalia kwa wasiwasi, na baadhi yao wakajikuta mahakamani. Baadaye serikali iliona ni heri iwatambue kuliko kupambana nao, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwapa mamlaka ya kukamata.

Sasa liweke hilo kando ya Civil War. Raia wenye nguvu wanalinda mtaa bila kibali, wanafanya kazi nzuri, siku moja wanazidisha, watu wasio na hatia wanaumia, serikali inasema njooni muandikwe. Msomaji wa hapa aliyekulia kijijini haoni ajabu kwa Tony kusema walinzi wasimamiwe. Anajua mwano ukipigwa kwa fitina unaishia wapi.

Lakini kuna tofauti moja, na ikikupita mjadala unakwama: sungusungu hana kinyago. Kijiji kizima kinajua ni nani aliyemkamata nani, mama yake anaishi wapi na ng'ombe wake wangapi. Uwajibikaji wake ni wa jirani kwa jirani. Spider-Man hana jirani anayemjua, na siri hiyo ndiyo inayomlinda shangazi yake, May. Mwandishi anaonyesha bei yake: toleo la 2, Peter anavua kinyago mbele ya waandishi wa habari akiwa upande wa Tony; miezi michache baadaye risasi ya mtu aliyetumwa na Kingpin, bosi wa wahalifu, inamkosa yeye, inampata shangazi. Kwa hiyo muulize mzee wako hivi: sungusungu angefanya kazi kama jambazi angeweza kusoma jina lake na la mama yake kwenye daftari la mtu wa mbali asiyemjua? Hapo ubishi ndipo unapoanza kunoga.

Tunasoma kwa kutafsiri kwa sauti. Kwa nini upande wa Steve unaonekana wa kijinga kwa Kiswahili?

Kwa sababu mnatumia neno "usajili". Kwa Mtanzania usajili ni wa Simba na Yanga, au ni wa laini ya simu kwa alama za vidole, ule wa foleni za Januari 2020. Hakuna anayeingia msituni kwa ajili ya foleni. Mkisema "Steve anapinga usajili", kijiwe kizima kinacheka.

Tafsirini kwa kueleza: "kwenda serikalini kutaja jina lako la kweli, la sivyo unakamatwa". Neno "kinyago" pia liangaliwe, maana wengine watafikiria vinyago vya Kimakonde. "Barakoa" nalo limeshachukuliwa na korona. Baadhi husema "maski", na linaeleweka. Jambo jingine: Wamarekani wa kwenye kitabu wanatajana kwa jina la kwanza hata wakipigana. Mkitafsiri msiwape heshima ya "Ndugu Stark", mtapoteza uchungu wa watu waliokuwa marafiki.

Nisome kwa mpangilio gani? Na bando itakula kiasi gani?

Mpangilio tunaoushauri si ule wa tarehe za kutoka. Soma matoleo 1 mpaka 7 ya Civil War kwanza, bila kuchanganya. Toleo moja lina kurasa zaidi ya 20 za hadithi na huchukua dakika 20 hadi 30 kwa anayesoma Kiingereza cha sekondari. Siku mbili zinatosha. Kisha Amazing Spider-Man 532 hadi 538, kwa ajili ya Peter. Kisha Captain America 22 hadi 25. Baada ya hapo ukipenda soma Front Line ya Paul Jenkins, matoleo 11, iliyoangalia vita kwa macho ya waandishi wa habari. Jiandae na toleo la mwisho: mwandishi wa habari anamkaripia Kapteni gerezani kwamba hawajui tena Wamarekani, na kipimo chake ni kama anajua MySpace. Limezeeka vibaya hilo, na hata siku lilipotoka halikuwa na ladha.

Anayeanza na vitabu vya pembeni hujikuta anajua Peter amebadili upande kabla hajajua kwa nini aliuchagua, na hapo kisa kinakufa mikononi.

Faili la toleo moja lenye picha nzuri huwa kati ya MB 20 na 60. Kwa matoleo 7, tenga MB 420 uwe salama. Shusha usiku, usisome ukiwa hewani mtandaoni, maana fremu kubwa za McNiven zikifunguka nusu nusu unaona ngumi kabla ya sababu. Kosa la kawaida ni kushusha nakala zilizopigwa picha na kubanwa hadi MB 5: maandishi madogo hayasomeki, kurasa mbili zinazosomwa pamoja zimekatwa, na mara nyingi ukurasa mmoja haupo. Ubishi kadhaa tunaoletewa unatokana na ukurasa uliokosekana. Anayeweza kulipa apitie huduma ya Marvel yenyewe kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za simu. Watu wanne wakichanga kununua kitabu kimoja cha karatasi chenye matoleo yote 7, hakuna atakayeumia, na kitabu kitapanda treni mpaka Kigoma na kurudi.

Kwenye simu ya inchi 6 geuza skrini ilale, usome nusu ukurasa kwa nusu. Ukiikuza sana unapoteza mpangilio wa fremu.

Tuna kikundi cha kusoma. Tunawezaje kupima kama kisa kimebadili hisia zetu, badala ya kupiga kelele tu?

Watu 8 hadi 12 wanatosha. Wakizidi 15 wanaozungumza ni wale wale watatu. Mnahitaji karatasi, kalamu na mtu mmoja asiyependa mzozo wa kukusanya alama.

Kabla ya kufungua toleo la 1, kila mtu aandike majina matano: Tony, Steve, Peter, Reed Richards na mkewe Sue Storm. Mbele ya kila jina aweke alama kati ya 1 na 10, alama ya "ningemwamini anilindie nyumba", si ya "ana nguvu". Kisha sentensi moja ya sababu. Karatasi zikunjwe, zikusanywe, zisisomwe. Mnapima tena baada ya toleo la 2, la 4 na la 7. Mwisho mnazitandika zote nne za kila mtu kwenye meza au mkeka na kuanza kuzungumza.

Msipige kura kwa kunyoosha mikono. Mtu akiona kaka yake kanyoosha kwa Steve naye ananyoosha, na kikao kinakuwa cha ukoo. Pia msiulize "nani mzuri". Ulizeni "alama yako ilishuka ukurasa gani?" Swali la ukurasa linamlazimisha mtu afungue kitabu. Mara nyingi utakuta alama ya Tony haikushuka alipomwinda Steve, ilishuka radi ilipompiga Bill Foster. Na ya Reed ilishuka pale Sue alipomwachia barua na kuondoka nyumbani. Alama za Peter nazo hufanya kitu cha ajabu: hupanda toleo la 2 kwa waliopenda ujasiri wake, na watu hao hao huishusha baadaye anapobadili upande, wakati waliomkasirikia humpandisha. Mistari miwili inakatana kama reli pale stesheni.

Aliyekwisha kuona muvi aandike "M" juu ya karatasi yake. Bila hivyo matokeo yenu hayana maana.

Shujaa kufa si ndiyo jambo baya kuliko yote? Stelingi hafi.

Stelingi wa katuni anakufa na kurudi kama mgonjwa wa malaria. Superman alikufa Novemba 1992, akarudi mwaka uliofuata. Steve alirudi 2009. Msomaji mzoefu halii tena kifo, anauliza kitachukua miezi mingapi.

Kuna visa vingine vilivyogawa wasomaji namna hii?

Vipo, na kila kimoja kinafundisha kitu tofauti.

Mwaka 1988 kampuni pinzani ya DC iliwaachia wasomaji wa Batman waamue kwa simu ya kulipia kama Jason Todd, Robin wa pili, afe au apone. Laini zilikuwa wazi saa 36. Waliotaka afe ni 5,343, apone 5,271. Tofauti ya kura 72 tu! Hapo hasira haikumwendea mwandishi Jim Starlin peke yake. Wasomaji walijitazama wenyewe wakaona haya.

Mwaka 1994 Hal Jordan, Green Lantern, aliyekuwa amepoteza mji wake wa Coast City, aliharibikiwa akili na kuwageukia wenzake, yote ndani ya matoleo matatu, namba 48 hadi 50. Matoleo matatu kwa mtu aliyekuwa shujaa tangu 1959! Hapa tatizo ni mwendo. Safari ya kutoka kwa mlinzi hadi muuaji ilihitaji mwaka mzima wa kurasa, ikapewa robo. Miaka kumi baadaye Geoff Johns alilazimika kueleza kwamba Hal alikuwa amepagawa na kiumbe cha hofu kiitwacho Parallax. Maelezo ya "alikuwa na pepo" tunayajua sana sisi, na kama yalivyo mtaani, baadhi waliridhika na wengine wakasema mwacheni aombe radhi.

Mwaka 2007, kwenye One More Day, Peter na Mary Jane wanakabidhi ndoa yao kwa Mephisto, shetani, ili shangazi May apone ile risasi. Ndoa ya tangu 1987 inafutika, wote wanasahau. Tunakiweka kisa hiki chini ya Civil War kabisa, na hatuombi radhi. Mtu aliyejengwa miaka 45 juu ya neno wajibu anakwepa matokeo ya uamuzi wake kwa kufanya mapatano na ibilisi. Straczynski mwenyewe, aliyekuwa mwandishi, alitofautiana na wahariri hadharani na kutaka jina lake liondolewe kwenye matoleo ya mwisho.

Na Mei 2016, Captain America: Steve Rogers namba 1 ya Nick Spencer iliishia Kapteni akitamka utiifu kwa Hydra, kundi la kihalifu ambalo ni adui yake wa siku zote. Mhusika aliyebuniwa na Joe Simon na Jack Kirby, Wayahudi wawili waliomchora akimpiga Hitler ngumi kwenye jalada la mwanzo mwaka 1941! Baadaye ilielezwa kwamba historia yake imebadilishwa kwa nguvu za Cosmic Cube, kifaa chenye uwezo wa kubadili uhalisia. Maelezo yalikuwa yamepangwa tangu mwanzo, lakini yalichelewa. Msomaji alikaa na lile neno moja mwezi mzima bila kuambiwa kitu, na mwezi ni mrefu.

Na mashujaa weusi kwenye Civil War?

Swali hili huulizwa hapa kuliko swali lolote la deraya. Shujaa mkubwa wa kwanza kufa kwenye vita hivyo ni Bill Foster, mwanasayansi mweusi, na anazikwa akiwa na ukubwa wa jitu kwa sababu mwili wake haukuweza kurudishwa kimo cha kawaida, umefungwa kwa minyororo. Wasomaji weusi wa Marekani waliuona mnyororo huo mara moja. Msomaji wa Tabora, mji ambao misafara ya watumwa ilipita ikielekea Bagamoyo, hahitaji kuelezwa.

Upande wa pili, T'Challa, yaani Black Panther, na Ororo walifunga ndoa mwaka huo huo wa 2006, vita vikiendelea. Ororo, anayeitwa Storm, ana mama Mkenya, na alipotokea mara ya kwanza mwaka 1975 alikuwa akiheshimiwa kama mungu wa mvua huko Kenya. Vita vilipokwisha, wawili hao ndio waliokaa kwenye nafasi za Reed na Sue katika kundi lao la Fantastic Four. Wasomaji waliompa Reed alama 2 mara nyingi huwapa wao 9 bila kusita.

Alama za Tony zikishafika 1, hupanda tena?

Hupanda, na inafaa kuangalia jinsi kampuni ilivyozipandisha. Kwanza ilimlipisha. Mwaka 2007 Hulk alirudi kutoka angani na kumtwanga. Wasomaji walifurahi kama goli la dakika ya 90. Mwaka 2008 akapoteza cheo chake, kikachukuliwa na mhalifu Norman Osborn. Mei mwaka huo ikatoka muvi ya kwanza ya Iron Man, na mamilioni ya watu wasiowahi kusikia habari ya Stamford wakampenda.

Kisha 2009, kwenye kitabu cha Matt Fraction, Tony anafuta ubongo wake kidogo kidogo ili orodha ya majina aliyoikusanya isiangukie mikononi mwa Osborn. Anapofufuliwa, kumbukumbu zake ni za kabla ya Civil War. Hakumbuki alichofanya. Mwaka 2010 sheria nayo inafutwa.

Ujanja huo ni mzuri, na una kasoro: asiyekumbuka kosa hawezi kulitubu. Ndiyo maana waliosoma mwaka 2006 bado wana kinyongo, na walioanza na muvi hawaelewi kinyongo ni cha nini.

Mdogo wangu ana miaka 9. Anaweza kusoma?

Toleo la 1 lina watoto wanaouawa na kijana, Johnny Storm, anayepigwa chupa kichwani nje ya klabu hadi anazimia. Subiri afike 13. Kwa sasa mpe Spider-Man wa zamani.

Tumemaliza yote 7, tumepima, tumegombana. Tusome nini cha kufungia?

Kitabu kimoja chembamba: Civil War: The Confession, cha Brian Michael Bendis na mchoraji Alex Maleev, cha 2007. Ni mazungumzo zaidi kuliko ngumi. Sehemu ya kwanza Tony amekaa chumbani na mtu ambaye humwoni, anaeleza kwa nini alifanya yote. Sehemu ya pili inarudi nyuma, Steve yuko selo na anamuuliza Tony kama ilistahili.

Kisomeni kwa sauti, watu wawili, mmoja kila upande, na msigeuze ukurasa haraka sehemu ya kwanza inapoishia: hapo ndipo unaonyeshwa Tony anazungumza na maiti ya Steve, na anamjibu swali ambalo wewe bado hujalisikia. Halafu gaweni karatasi ya tano.